Mahali Tunapopiga Magoti

Dada yangu mpendwa Austorgia,

Pokea shikamoo ya mdogo wako, na amani ya Bwana iwe nawe na wenzako wote wa nyumba hiyo. U hali gani? Kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha? Wanakupa supu ya moto, au umeangukia nyumba ya wabahili? Mimi sijambo. Nimebakiwa na meno kumi na mawili na yote yanafanya kazi. Masikio nayo yangali mazima, na kwa mtu wa kazi yangu hayo ndiyo shamba na ndiyo mifugo.

Barua yako ilinifikia wiki ya Pentekoste, imekunjwa ndani ya kitambaa kikuukuu pamoja na kipande cha jibini. Jibini lilikuwa nusu. Bruda aliyeileta anasema ni panya, nami nimeamua kumwamini. Sikujua kama umejifunza kuandika, tena ukubwani, baada ya kufiwa na shemeji na kuingia utawani. Herufi zako zinakwenda upande upande kama watu wanaotoka arusini, lakini nilizisoma zote, nikazirudia, kisha nikaenda kukaa nyuma ya ghala la nafaka mahali ambapo hapiti mtu. Miaka ishirini na miwili, dada! Mara ya mwisho tulionana langoni, ulipokuja kuniambia kwamba mama amefariki, na mlinzi wa lango akawa anakohoa ili tumalize. Nilikuwa na mengi ya kukuuliza. Nikakuuliza kama njiani kuna matope.

Umeniuliza kama bado naimba. Naimba, na sasa ni mwaka wa nne nikiwa kiongozi wa kwaya. Umeniuliza pia juu ya kitabu ambacho Mama Abesi wenu amekisikia, kitabu chenye mistari, ambacho mtu akikitazama anaimba wimbo ambao hajapata kuusikia maishani mwake. Wenzako wanasema ni uchawi. Si uchawi, ni wino. Nakala yenu iko tayari, Bruda Itier ataileta kwa nyumbu na kuwafundisha kuisoma kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Marnan, msimamizi wa nyumba zetu zote mbili. Barua hii itakuja katika mfuko huohuo. Nami naiandika kwa sababu ndani ya kitabu hicho kuna jambo ambalo katika dunia nzima wewe peke yako unaweza kulitambua. Siku utakapolitambua kwa sauti kubwa mbele ya watu, mimi nimekwisha.

Kwa kanuni yetu hakuna barua inayotoka hapa bila Baba Abate kuijua. Lakini macho yake yamefifia, na barua zote namsomea mimi. Nitamsomea habari za meno na za jibini, kisha nitaruka mpaka kwenye salamu za mwisho. Mungu anisamehe. Ukishazoea kukosa, kosa la pili halina uzito sana.

Ngoja nianze mwanzo. Nilipoletwa hapa nikiwa na miaka saba, mkono wangu ukazungushiwa kitambaa cha altare, ishara kwamba nimetolewa kwa Mungu, na baba akaniacha, aliyenipokea ni Bruda Amblard, kiongozi wa kwaya wa wakati ule. Alikuwa mtu mkubwa aliyejaa mlango mzima, mwenye fimbo nyembamba na sauti nene tamu ambayo huwezi kuamini imetoka kwa mtu mwenye fimbo. Siku zile nyimbo hazikuwa mahali popote ila vichwani. Vitabu vilikuwa na maneno, sauti alikuwa nazo Amblard. Aliimba, tukarudia. Tukikosea, fimbo. Miaka kumi ilipita kabla sijaweza kuimba mwaka mzima wa Kanisa bila kumtazama midomo. Halafu kuna desturi yetu nyingine, nadhani na ninyi mnayo: mtu akikosea sauti katika kwaya, hapohapo hupiga magoti na kugusa sakafu kwa mkono mbele ya wote, bila kungoja kuambiwa. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa chini kuliko nilivyosimama.

Wimbo wa fahari yetu ni Aleluya ya Mtakatifu Marnan. Neno ni hilo moja tu, lakini ile sauti ya mwisho haifungwi. Inatambaa, inapanda, inazunguka, inashuka na kupanda tena bila neno lolote, kwa muda wa mtu kula kipande cha mkate. Sisi tunauita mkia. Kwaya nzima huimba neno, lakini mkia huimbwa na kiongozi peke yake, mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu. Humfundisha mrithi wake pale tu anapohisi kifo kiko karibu. Ndivyo ilivyokuwa tangu nyumba hii ijengwe. Amblard alipokuwa na nguvu zake niliusikia kila mwaka, na kila mwaka nililia, hata nilipokuwa kijana mwenye ndevu na nikaona aibu. Kisha kifua chake kikaharibika. Kwa miaka tisa tukaimba Aleluya ya kawaida siku ya Marnan, naye Amblard akikaa kwenye kiti chake amefumba macho, mkia umo kichwani mwake na hautoki.

Mwaka wa tisa akafika Bruda Teuzo kutoka Italia. Mfupi, mchangamfu, anaongea hata wakati wa kunyamaza, maana kwa ishara za vidole anaongea haraka kuliko wengine kwa mdomo. Kwao wamebuni jambo jipya. Unachora mistari minne juu ya maneno, mmoja mwekundu, mmoja wa manjano, na kila sauti ina ngazi yake ya kukaa. Sisi tulikuwa tumeanza kuzizoea alama ndogo juu ya maneno, vistari na vinukta vya kukumbusha kwamba hapa unapanda, hapa unashuka. Teuzo akazitazama akacheka. “Zinasema panda,” akasema, “lakini nipande wapi, kitini au juu ya paa?”

Baba Abate Dalmas akataka kuona kwa macho, siku hizo yalikuwa bado yanaona. Teuzo akamchukua Itier, ambaye alikuwa ameingia utawani juzijuzi na hajui kitu, akamwekea wimbo wa kwao Italia ambao hakuna mtu wa milima hii aliyewahi kuusikia. Asubuhi wakaanza. Kabla ya chakula cha mchana Itier akasimama mbele yetu na kuuimba mzima bila kigugumizi. Watu walipiga ishara ya msalaba. Tulipotoka nje Bruda Amblard akanishika bega. “Miaka kumi nilikuchapa,” akaniambia. “Huyu kafanya asubuhi moja. Mwanangu, uniombe radhi wewe, au nikuombe mimi?” Nilidhani anatania. Sasa najua kwamba hakuwa akitania.

Baba Abate akaamuru nyimbo zote za nyumba ziwekwe kwenye mistari, kitabu kimoja kizuri, kisha nakala kwa nyumba za dada zetu na ndugu zetu. Mimi nikapewa kazi ya kuimba, Teuzo kazi ya kuandika. Amblard alikataa katakata mkia wa Marnan kuingia humo. “Wimbo ukiuweka kwenye ngozi ya ndama,” akasema mbele ya wote, “kichwani mwako kitabaki nini? Makamasi.” Tulicheka, naye akacheka mpaka akakohoa damu. Ilikuwa karibu na Kwaresima.

Akaniita chumba cha wagonjwa. Akaniambia, mimi nakwenda, na wewe ndiye mrithi, tuanze. Kwa siku sita nilikaa kitandani pake, naye akaniimbia kwa sauti iliyobaki, kipande kwa kipande, kama mtu anayemlisha mtoto. Kila nikimaliza alisema, “Rudia.” Nikirudia alisema, “Rudia tena.” Mwanzo wa mkia niliukumbuka tangu ujana wangu, na mwisho pia. Katikati ndipo palipokuwa pagumu, mahali ambapo sauti inajizungusha na kukudanganya kwamba inarudi, kumbe haijarudi.

Sasa nikwambie ukweli wa nafsi yangu. Nilikuwa nimechoka. Katika ukumbi uliopakana na chumba kile Teuzo na Itier walikuwa wanajaribu jambo jingine la kwao, kuimba sauti mbili kwa pamoja. Mmoja anashika wimbo wa kale polepole chini, mwingine anapanda juu yake na kucheza, na pale wanapokutana ukuta unatetemeka. Nilikuwa sijawahi kusikia kitu kama hicho. Nikawa namsikiliza mzee kwa sikio moja na ukuta kwa sikio la pili. Siku ya sita, tulipofika katikati, nilichora zile alama zetu za zamani kwenye kibao cha nta chini ya blanketi, panda, shuka, panda, nikajiambia basi, nimeshaupata. Akasema, “Rudia.” Nikamwambia, “Nimeshashika, Baba.” Akasema, “Rudia, Girbert, hujashika.” Nikamwambia tutaendelea kesho, akapumzike. Nikaenda ukumbini kusikiliza sauti mbili. Itier alinikaribisha kwa utani, akaniuliza kama mzee amenipa likizo.

Asubuhi Amblard alikuwa amefariki. Sikio la kufa halisikii dawa, dada, na mimi nilikuwa na masikio mawili ya namna hiyo.

Tulimzika, nikawa kiongozi wa kwaya. Baada ya Pasaka tukafika kwenye mkia. Baba Abate alisema kwamba mzee amekwenda na katazo lake, kwamba wimbo wa mtakatifu ni mali ya nyumba, si ya mtu mmoja. Hakuna aliyebisha. Teuzo akachora mistari, akachovya kalamu, akaniambia niimbe. Niliimba mwanzo vizuri. Nilipofika katikati nikafungua kibao changu cha nta, na kibao kikaniambia panda, shuka, panda. Nipande wapi? Kitini au juu ya paa? Nikajaribu hivi, nikajaribu vile, na kila jaribio lilikuwa halifanani na mzee. Teuzo alinitazama kwa huruma, akaweka kalamu chini. Nikamwambia koo linauma.

Siku mbili nilizunguka bustanini nikijaribu. Niliuliza waliobaki. Kati ya watawa tulio hai, waliowahi kuusikia mkia ule tulikuwa watatu tu. Bruda Foucher, ambaye ni kiziwi tangu mwaka wa mafuriko. Baba Abate, ambaye ni mtakatifu lakini hajui tofauti ya zaburi na bawaba ya mlango, tunamtania hivyo na yeye mwenyewe hucheka. Na mimi. Nikaelewa kwamba kitu ambacho watu walikuwa wamekibeba vichwani kwa miaka mia mbili kimeanguka mikononi mwangu, jioni moja, kwa sababu nilitaka kwenda kusikiliza kitu kipya.

Siku ya tatu nikarudi kwa Teuzo, nikaimba moja kwa moja bila kusita. Nilichoimba pale katikati nitakwambia baadaye kidogo, nipe nafasi ya kupumua. Teuzo aliandika. Alipomaliza akafuta macho kwa mkono wa kanzu. Akasema, “Hii ndiyo ya kale. Haijaguswa na watu wa shule. Mnaishi na kitu kama hiki huku juu na jibini zenu, hamjui mlichonacho!” Akamwita Baba Abate. Baba akaniongoza mpaka kwenye sanduku la mifupa ya Mtakatifu Marnan, akaweka mkono wangu juu yake, akaniuliza kama hivyo ndivyo Amblard alivyonifundisha. Nikasema, “Ndivyo, Baba.” Sanduku lilikuwa baridi. Hakuna kilichotokea.

Sikukuu ikafika. Miaka kumi watu hawajausikia mkia, wengi hawajausikia kabisa. Nikasimama katikati ya kwaya nikaanza, na nilipofika mahali pale, miguu yangu haikukubali. Umri wangu wote nimekuwa nikikosea na kupiga magoti, ni desturi iliyo ndani ya mifupa. Nikapiga magoti nikiwa bado naimba, nikagusa sakafu, nikasimama, nikamaliza. Nilijua kwamba sasa wataelewa. Kesho yake asubuhi, katika ule mkutano wetu ambamo kila mtu hutaja makosa yake, Baba Abate aliniuliza mbele ya wote kwa nini nilipiga magoti ilhali hakuna aliyesikia kosa. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Itier akaomba ruhusa, akasema ni dhahiri, Bruda Girbert kwa unyenyekevu wake hataki kusema, lakini bila shaka hivyo ndivyo alivyofundishwa na mzee, kupiga magoti mahali pale kwa heshima ya mtakatifu. Wote wakaitikia kwa vichwa. Wengine walitokwa na machozi. Na mimi, dada, nikafunga mdomo.

Mwaka uliofuata, nilipopiga magoti, nyuma yangu nikasikia kishindo. Nusu ya kwaya walikuwa chini. Mwaka jana walikuwa wote, hata Bruda Foucher ambaye hasikii na huwafuata wengine kwa macho. Wakulima waliokuja kusali nao wakapiga magoti mpaka mlangoni. Teuzo ameandika kwa wino mwekundu pembeni mwa mistari: hapa hupigwa magoti. Ameandika hivyo katika nakala zote tatu, na moja ndiyo yenu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imenyooka mpaka kwenu, mwendo wa siku tatu kwa nyumbu.

Haya, nimepumua vya kutosha. Unakumbuka siku niliyoondoka nyumbani? Baba alinipandisha punda asubuhi, hakumwambia mtu, mama alikuwa ndani amejifunika uso. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili na ulikuwa upande wa pili wa bonde na ng'ombe, kwenye malisho ya juu. Ulituona barabarani. Hukujua tunakwenda wapi, lakini uliona kifurushi changu mgongoni pa punda, na ukajua. Basi ukaanza kuita. Ule mwito wako wa kuwakusanya ng'ombe, usio na neno, unaopanda, unajizungusha, unaonekana kama umerudi kumbe haujarudi, mwito uleule uliokuwa ukiniita mimi nije kula. Ng'ombe wote waliinua vichwa wakaja kwako, na wewe ukaendelea kuita. Baba akaniambia nisigeuke. Sikugeuka, lakini nilisikia mpaka kilimani, mpaka upepo ulipouchukua.

Huo ndio uliomo kitabuni. Katikati ya Aleluya ya Mtakatifu Marnan, ambapo pangekuwa na kazi ya watu wa miaka mia mbili, kuna msichana wa miaka kumi na miwili anaita ng'ombe. Sikukusudia. Siku ile mbele ya Teuzo nilifika ukingoni mwa kumbukumbu zangu, nikaruka, na pale nilipoanguka ulikuwepo wewe. Nilijua hapohapo. Ningeweza kusimama na kusema, samahani, huu si wenyewe. Sikusema. Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni kwa aibu, au kwa kumhurumia Teuzo aliyelia. Hapana. Sikusema kwa sababu nilikuwa nimekusikia baada ya karibu miaka arobaini, nikataka kukusikia tena mwakani. Nakukosa, dada. Nimekukosa kila siku tangu nikiwa na miaka saba, na humu ndani hapana sala ya jambo hilo, kwa maana tumefundishwa kwamba tukiingia hapa hatuna tena wa kumkosa.

Basi nimekata shauri, nawe uwe wa kwanza kulijua. Siku ya pili baada ya sikukuu nitasimama kwenye mkutano wa makosa na kusema yote: siku ya sita, kibao cha nta, sanduku la mifupa, ng'ombe. Watanivua uongozi wa kwaya, na haki yao. Watatuma mtu na kisu kwenye kila nyumba kukwangua mistari ile, na Aleluya ya Marnan itabaki na mwanzo na mwisho, katikati tupu. Mzee Amblard angependa hivyo kuliko ilivyo sasa. Lakini naomba sikukuu hii moja ipite kwanza. Ukiona siwezi kupewa hata hiyo, mwambie Mama Abesi mara kitabu kitakapofunguliwa. Sitakulaumu, wala sitasema ulinisaliti. Ukiona naweza kupewa, basi siku ya Marnan, asubuhi, saa ya Misa, mimi nitakuwa naimba huku nawe utakuwa unaimba huko, wimbo mmoja, saa moja. Hatujaimba pamoja tangu nilipokuwa na miaka saba. Wenzako watakapopiga magoti, wewe usipige. Kupiga magoti ni kwa aliyekosea. Simama, uite.

Nisalimie Mama Abesi kwa heshima zote, na Sista yule mzee aliyekufundisha kuandika, mwambie namwombea na kwamba herufi zako zitanyooka. Mwangalie Itier, ni mtu mwema lakini anakula sana, mfiche jibini. Hajui lolote kuhusu haya. Kaburi la mama, kama kuna mtu wa nyumbani anayepita kwenu, aambiwe aling'olee magugu.

Ngozi hii niliyoandikia ni nzuri na nene. Ukishasoma, ikwangue yote mpaka iwe nyeupe, pasibaki hata jina, kisha uitumie kunijibu. Usiniandikie maneno mengi. Itier atakufundisha mistari minne, mwekundu na wa manjano, si vigumu, asubuhi moja inatosha. Ichore, halafu uniandikie juu yake jinsi ulivyokuwa ukiwaita ng'ombe hasa, sauti kwa sauti, ni wapi ulipanda na ulipanda mpaka wapi. Kwa maana ni miaka arobaini na mmoja, dada yangu, na sina hakika tena kama huo nao nimeukumbuka sawasawa.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Girbert